Mama Jofrey, Mbeba Hesabu za Mkwe

Ukimuuliza Mama Jofrey wa hapa Ikinga anafanya kazi gani, atakuambia analima viazi na maharage. Mimi ni jirani yake, shamba langu limepakana na lake, na nakataa. Viazi tunalima wote. Kazi yake hasa, tangu kijana wake Jofrey alipooa, ilikuwa kubeba maneno kutoka barazani kwenda jikoni na kuyarudisha. Sijaona mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa upole kama yeye, wala aliyechanganyikiwa nayo kama yeye mwaka ule wa hesabu.

Kwa asiye wa huku nieleze kidogo. Sisi Wandali wa milima ya Ileje tuna heshima ya ukwe. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani anaingia kwenye mahindi, anajifunika kichwa, anasubiri apite. Hawasemeshani, hawali pamoja, hata choo kila mmoja ana chake. Siku hizi wengi wamelegeza, na vijana waliokwenda mjini wanatucheka. Lakini mume wa Mama Jofrey, Mwalimu Boazi, hakulegeza hata kidogo. Mtu amefundisha Hisabati sekondari mpaka amestaafu, amekaa Chunya, amekaa Sumbawanga, gazeti la wiki iliyopita analisoma kuanzia juu hadi chini, halafu nyumbani kwake anakohoa kabla ya kuzunguka kona ili mkwe apate nafasi ya kukimbia. Nilishamwambia Mama Jofrey kwamba mume wake ana elimu nyingi ila ameifungia kabatini. Alicheka, hakubisha.

Kati ya mzee na mkwe alikaa yeye. Mzee akitaka maji ya kuoga anamwambia mkewe, mkewe anamwambia mkwe. Mkwe akiishiwa chumvi anamwambia mama, mama anampelekea mzee habari. Na kubeba maneno ya ukweni kuna utaratibu wake, ambao Mama Jofrey alifundishwa na mama mkwe wake mwenyewe: la kukataa halibebwi. Mzee akisema ugali huu mbichi, hali, wewe ukifika jikoni unasema Baba leo anatamani viazi. Mkwe akisema shambani haendi, tumbo linamsumbua, wewe ukifika barazani unasema mkwe leo ana shughuli za hapa nyumbani. Ndiyo maana nyumba ile haikuwahi kutoa sauti ya ugomvi. Sisi wengine ambao wakwe zetu walitusikia tukigomba tulikuwa tunamwonea wivu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Mkwe mwenyewe aliitwa Loisi. Alisoma kwenye shule ya kata, ile tuliyoijenga kwa nguvu zetu. Matofali tulibeba sisi, mabati yakaja, walimu wa Hisabati hawakuja. Akamaliza kidato cha nne na alama za kutosha kwenye masomo mengine, na kwenye Hisabati akapata F iliyonyooka. Alitaka uuguzi. Hakuutaka kwa sababu ya sare nyeupe. Mimba yake ya kwanza iliharibikia njiani tukiwa tumembeba kwenye machela kuelekea hospitali ya Itumba, mvua inanyesha, na kati yetu wote tuliokuwa pale hakuna aliyejua la kufanya. Tangu siku hiyo alikuwa anasema ipo siku atakuwepo mtu wa kujua, na mtu huyo atakuwa yeye. Chuo kilimkubali mwaka 2009 kwa sharti moja, arudie mtihani wa Hisabati na kuleta angalau D. Nafasi yake wangeishikilia mpaka majibu ya mwaka ule yatoke, baada ya hapo anapewa mwingine.

Sasa fikiria hali yenyewe. Kata nzima hakuna anayejua hesabu za sekondari isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye ambaye Loisi haruhusiwi hata kumwona kisigino. Mumewe asingeweza kumsaidia. Jofrey alikuwa Tunduma, anapakia na kupakua mizigo kwenye maroli yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mtoto wa mwalimu wa Hisabati alizikimbia hesabu mpaka akafika mpakani, na nadhani mpaka ule usingekuwepo angeendelea.

Mama Jofrey alimbembeleza mumewe kwa muda mrefu. Mwishowe mzee akakubali kufundisha, ila heshima ibaki palepale. Yeye atakaa barazani, mkwe atakaa jikoni, maneno yatapita kwa mkewe. Mama Jofrey akaona bora waandikiane kwenye karatasi. Mzee akakataa, akasema kuandikiana nako ni kusemeshana. Jofrey akapiga simu kutoka Tunduma akashauri watumiane ujumbe wa simu. Mzee akasema ujumbe wa simu nao una mdomo. Kwa hiyo mama wa watu, aliyeishia darasa la nne, akakabidhiwa Hisabati ya kidato cha pili aibebe kichwani na kuivusha uwanja hadi jikoni.

Walianza mwezi wa sita, baridi ile ya ukungu, maharage yameshavunwa. Loisi alikuwa na kitabu alichopewa na mwenzake wa kwaya. Kurasa za mifano zilikuwa zimechanwa zote, yamebaki mazoezi, na nyuma kabisa majibu. Mwalimu alikuwa na kitabu kilekile, kizima, kwa hiyo ilitosha kutaja namba ya swali. Somo la kwanza lilikuwa milinganyo ya kwadratiki, na kazi ya kwanza ilionekana ya kitoto: kuupanga mlinganyo sawasawa, halafu kuokota namba tatu zinazoitwa a, b na c. Ukishazipata, zinaingizwa kwenye kanuni ndefu ambayo Loisi alikuwa ameikariri kama wimbo wa kwaya, na jibu linatoka.

Mzee alieleza kwa utaratibu kama aliyesimama mbele ya darasa. Kuna x yenye kipeo cha pili, kale kambili kadogo kanakokaa juu kichwani. Namba iliyoko mbele ya x hiyo ndiyo a. Kuna x ya kawaida. Namba iliyoko mbele yake ndiyo b. Halafu kuna namba iliyokaa peke yake bila x. Hiyo ndiyo c. Upande wa pili wa alama ya sawasawa ibaki sifuri. Mama Jofrey alivuka uwanja akiwa anarudia midomoni, na alipofika jikoni ilikuwa hivi: a ni wa yule x aliyevaa kofia, b ni wa yule x kichwa wazi, c ni yule mseja. Loisi alisema hapo alielewa kuliko miaka yote ya shule. Na kwa kweli hapo hapakuwa na kosa.

Matatizo yalianza na wasioonekana. Mzee alisema kama mbele ya x hakuna namba, basi namba yake ni moja. Halafu akasema kama x yenyewe haipo kabisa kwenye mlinganyo, basi namba yake ni sifuri. Siku hiyo Mama Jofrey alinikuta napalilia bustani akanieleza huku ameshika kichwa. Alitaka nimwambie inakuwaje watu wawili wasioonekana, mmoja awe moja na mwingine awe sifuri. Nikamwambia labda mmoja yupo ndani na mwingine amesafiri. Akafikiri, akasema inawezekana, ila yeye kama mbebaji atajuaje nani yupo ndani? Tulikaa pale tukilibishania jambo lile mpaka mbuzi wangu wakaingia kwenye kabichi. Mimi a, b, c nilizozijua zilikuwa za kuandikia jina langu, na nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na mtu ambaye hata simjui, huyo aliyebuni haya mambo.

Lakini hilo walilimaliza. Kilichowashinda ni kingine, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa kipo.

Swali la tano la zoezi lile nalikumbuka mpaka leo, jinsi nilivyosimuliwa mara nyingi. Lilikuwa 2x² − 5x − 3 = 0. Mzee barazani alisema a ni mbili, b ni hasi tano, c ni hasi tatu. Mama Jofrey akauliza hasi ni nini. Akaambiwa hasi ni ile ya kupungua, ya kukosekana, kinyume cha kuwepo. Akaitikia, akavuka uwanja. Kilichofika jikoni kilikuwa: a ni mbili, b ni tano, c ni tatu.

Loisi alikitazama kitabu, akaona alama ya kutoa imekaa wazi mbele ya tano, na nyingine mbele ya tatu. Lakini aliyesema ni Mwalimu Boazi, aliyefundisha watu mpaka wengine wakawa mainjinia. Nani yeye wa kubishana? Akahitimisha kwamba wakati wa kuokota, alama haziokotwi, unaokota namba tupu. Akaziingiza kwenye kanuni, akapata hasi moja, na hasi moja na nusu. Akafungua majibu nyuma ya kitabu. Yalikuwa tatu, na hasi nusu.

Akarudia. Akapata yaleyale. Akamwambia mama mkwe wake amweleze Baba kwamba majibu hayalingani na ya kitabu, kuna mahali amekosea ila hapaoni. Mama Jofrey akaenda barazani akasema mkwe anashukuru sana, anaendelea. Mzee akafurahi, akaruka maswali mawili, akampa gumu zaidi.

Hilo gumu lilikuwa x² = 6 − x. Loisi alijua kuhamisha, akapanga vizuri mpaka upande mmoja ukabaki sifuri: x² + x − 6 = 0. Barazani mzee akasema a ni moja, b ni moja, c ni hasi sita. Jikoni ikafika moja, moja na sita. Alipoingiza kwenye kanuni akajikuta anatakiwa kutafuta kipeuo cha pili cha hasi ishirini na tatu, kitu ambacho hata mimi nimeambiwa hakipatikani. Nyuma ya kitabu majibu yapo yamekaa vizuri tu, mbili na hasi tatu. Nilimkuta amelaza uso juu ya meza ya jikoni, kitabu kimelowa. Aliniambia amegundua hana akili, na amegundua akiwa mtu mzima, ameshaolewa, jambo ambalo lilimuuma zaidi.

Na mzee naye? Usidhani alikuwa ametulia. Kila akiomba aletewe majibu, mkewe alimletea. Swali la tano, mkwe amepata moja, na moja na nusu. Mzee alikunja uso. Hayakuwa majibu sahihi, na hayakuwa hata makosa anayoyafahamu, yeye ambaye alisahihisha madaftari maisha yake yote. Akasema mwambieni si sahihi, arudie. Jikoni ikafika kwamba Baba anasema vizuri, ila ajaribu tena. Loisi akajaribu tena, kwa njia ileile aliyosifiwa, na majibu yakarudi yaleyale. Mzee akaanza kuandika kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, anafuta kwa kiatu, anaandika tena. Alikuwa na rafiki aliyefundisha naye Sumbawanga, akapotewa na kumbukumbu mpaka akawa hamjui mkewe. Mwalimu Boazi akaanza kuogopa kwamba na yeye ndiko anakoelekea, kwamba anamfundisha binti wa watu vitu ambavyo vimeshaharibika kichwani mwake. Siku moja alimuuliza Mama Jofrey, kwa sauti ya chini, kama siku hizi anamwona anasahausahau. Akamjibu hapana kabisa. Kwa kawaida yake angejibu hivyo hata kama ni kweli, na mzee alilijua hilo, kwa hiyo jibu halikumsaidia.

Hapo ndipo Mama Jofrey mwenyewe alipopoteza usingizi. Alikuwa amezoea kubeba maneno yakaleta amani. Safari hii alibeba kwa uangalifu kuliko maisha yake yote, hata njiani alikuwa hasalimiani na mtu asije akadondosha namba, na kila akibeba, pande zote mbili zinazidi kunyong'onyea. Alikuja kwangu akaniuliza kama inawezekana hesabu zikawa zina mkosi. Nikamwambia aombe. Sikuwa na ushauri mwingine, na nilikuwa nimechoka kusikia habari za huyo x.

Siku za mtihani zikakaribia, mwezi wa kumi na moja ule, mvua za kwanza zimeanza kutishia. Nilikuwa nimekaa na Loisi mlangoni pa jiko tunachambua mbegu za viazi. Barazani tulisikia sauti ya mzee ila si maneno. Halafu tukamwona Mama Jofrey anakuja, akafika katikati ya uwanja akasimama.  Alitazama nyuma, akatazama kwetu, na midomo inachezacheza kama mtu anayetafuta namna ya kusema. Nadhani alikuwa anatafuta la kubadilisha na halikupatikana. Akaja akaketi chini, kwenye udongo, na machozi yakamtoka.

"Baba anasema uache," alisema. "Ama hesabu hazimo kwako, ama hazimo tena kwake. Anasema usiende kwenye mtihani."

Loisi alikuwa hajawahi kupokea kutoka kwa mwanamke yule neno la kukataa, hata dogo. Kiazi kilimdondoka. Nilitegemea alie, na mimi nilikuwa tayari kulia naye, lakini alibadilika rangi ya uso akawa mtu mwingine. Sijui kama zilikuwa hasira au ni kukata tamaa. Alimshika mama mkwe wake mikono yote miwili.

"Mama, kamwambie Baba hivi, na usipunguze hata kidogo. Kwenye swali la tano kitabu kinasema kutoa tano. Yeye anasema b ni tano. Nimemfuata yeye, ndiyo maana sipati."

Mama Jofrey alinitazama mimi. Neno kama hilo, mkwe kumwambia baba mkwe kwamba amekosea, halijawahi kuvuka uwanja wowote ninaoufahamu. Nikamwambia nenda. Akaenda, na mimi nikamfuata mpaka kwenye kona ya nyumba nikajibanza. Ningeachaje?

Aliyasema yote, moja baada ya jingine. Mzee aliitazama chaki iliyo mkononi mwake.

"Mimi nilisema hasi tano," alisema mwishowe.

"Ndiyo, ulisema."

"Hiyo hasi ikaenda wapi?"

Mama Jofrey alijibu bila ujanja wowote, kama anayeulizwa jembe liko wapi. "La kukataa huwa nakuachia hapahapa, Baba Jofrey. Silipeleki kwa mkwe."

Nilifumba macho nikisubiri radi. Haikuja. Nilipofumbua nilimwona mzee ameinama, mabega yanatikisika, na mpaka leo siwezi kuapa kama alikuwa anacheka au analia. Nilichokisikia ni pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo. Kichwa chake kilikuwa kizima, na cha binti kilikuwa kizima. Alimuuliza mkewe kama na zile hasi nyingine zote, za miezi yote ile, nazo aliziacha. Akajibiwa ndiyo, zote, na hata yale maneno kwamba si sahihi arudie.

Mzee aliinuka akauvuka uwanja. Nasema aliuvuka mwenyewe, kwa miguu yake, upande ambao tangu Jofrey aoe hakuwahi kuukanyaga. Alifika nyuma ya ukuta wa jiko, akageuka akaupa mgongo ule ukuta, akakohoa. Loisi alikuwa ameshakimbilia ndani.

"Loisi. Alama ni ya namba. Ukiokota namba, unaiokota na alama yake. b ni hasi tano."

 Binti aliniambia baadaye hakujua kama anaruhusiwa kujibu, wala kama akijibu atakuwa ametenda dhambi ya aina gani, na papo hapo mkono wake ulikuwa tayari unaandika.  Halafu kutoka ndani ikaja sauti ndogo ikisema tatu, na hasi nusu, Baba.

Kuanzia siku hiyo walisoma hivyo, ukuta katikati, mzee akiwa ametazama migomba. Alimtaka mkewe akae kwenye kona ambako anawaona wote wawili, kwa kuwa mkwe na mkwe hawaachwi peke yao. Kwa hiyo Mama Jofrey alikaa pale anamenya viazi, huku hasi na chanya zikipita juu ya kichwa chake bila kumhitaji. Maswali yaliyeyuka mbele ya Loisi kama siagi, kila siku anafungua nyuma ya kitabu na kila siku yanalingana. Mama Jofrey alifurahi, lakini aliniambia pia kwamba anajisikia kama mtumishi aliyestaafishwa bila kuagwa. Nikamcheka. Sasa najuta kidogo kumcheka.

Loisi alifanya mtihani wake Itumba, akarudi. Alikataa kusema lolote. Mwaka ukaisha, viazi vikachanua, na mwezi wa pili Jofrey akatuma habari kwamba majibu yametoka, atakwenda kuyaangalia kwenye kompyuta huko Tunduma na atapiga simu mchana. Kwetu simu inashika vizuri mahali pamoja tu, kilimani karibu na kanisa. Loisi alisema hapandi, atasubiri jikoni. Tukapanda watatu, mzee, Mama Jofrey na mimi.

Simu ililia, mzee akapokea. Alisikiliza, akasema rudia, akasikiliza tena. Aliishusha, akatugeukia.  Akasema D, amepata D, na akamwambia mkewe kamwambie.

Mama Jofrey alishuka kile kilima kwa mbio ambazo sikujua anazo. Kanga ilimvuka, hakuigeukia, niliiokota mimi. Nilimfuata nikihema, mzee nyuma kabisa na fimbo yake. Nilipofika uwanjani alikuwa amesimama mbele ya Loisi mlangoni pa jiko, ameshikilia kizingiti kwa ajili ya pumzi.

"Umefaulu," alimwambia. "Umepata D. Unakwenda chuo."

Loisi alimtazama usoni kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayekupa pole kabla hujaambiwa nani amefariki. Akamshika bega taratibu.

"Mama, niambie ukweli tu. Nitavumilia."

"Ndivyo alivyosema. D. Sijapunguza, sijaongeza."

Alirudia, akaapa, akaniita mimi niwe shahidi. Mimi sikuwa na pumzi ya kusema, nikawa natikisa kichwa tu kama anayesikitika, na hilo likazidi kuharibu. Loisi akaanza kulia kilio cha mtu aliyefeli. Wakati huohuo mzee akatokea kwenye kona ya nyumba, na safari hii hakukohoa. Binti alimpita mama mkwe wake, akakimbia uwanja mzima kichwa wazi, akaenda kusimama mbele ya baba mkwe wake uso kwa uso, akamuuliza, "Baba, ni kweli?"

Mzee hakugeuka. Alimtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza na akamwambia ni kweli. Loisi akapiga magoti palepale kwenye matope akicheka na kulia, na mzee akainama amwinue.

Mama Jofrey alikuwa bado mlangoni pa jiko, pumzi haijamrudia, na ile habari njema, ya kwanza aliyopata kuileta nzima bila kuigusa, hakuna aliyeipokea kutoka kwake.